Nafsi ya Kuazima: Juu ya Vitabu vya Kujiendeleza

Mtu apitaye leo katikati ya jiji la Dar es Salaam, akasimama mbele ya wauza vitabu waliotandaza bidhaa zao kando ya njia, hatakosa kuona jambo moja. Riwaya zetu ni chache, diwani za mashairi ni adimu, na historia ya nchi ni ya kutafuta kwa taa. Lakini vitabu vifundishavyo jinsi ya kutajirika kwa kufikiri, jinsi ya kupata marafiki, jinsi ya kuacha mazoea ya zamani na kuwa mtu mpya, vimejaa tele. Vingi ni vya Kiingereza, vingine ni nakala za fotokopi, na siku hizi viko vilivyofasiriwa kwa Kiswahili na vilivyotungwa na Watanzania wenyewe kwa kuiga. Vijana wanavinunua. Wanavinunua kwa fedha ambayo wengine wao wangenunulia chakula cha mchana. Kijana ajinyimaye chakula ili asome kitabu si mvivu wala si mjinga, na yeyote amchekaye hajui analolicheka.

Hatukusudii kumcheka. Tunakusudia kuvihoji vitabu vyenyewe. Madai yetu ni kwamba vitabu hivi, kwa jumla yake, vinamzoeza msomaji wetu kuitazama nafsi yake kama kitu kilichokatwa kutoka kwa watu. Kwamba vinamwambia umaskini wake ni kosa la fikra zake. Na kwamba vinavaa joho la sayansi ambalo mara nyingi si lao. Tunadai pia kwamba vimetawala kwa sababu sisi wenyewe, waandishi, walimu na wachapaji wa nchi hii, tulikiacha kiti kitupu, na kiti kitupu hakikosi mkaaji.

Tuanze na lugha. Jina la vitabu hivi kwa Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni “vitabu vya kujisaidia”. Kila ajuaye Kiswahili anafahamu kwa nini hakuna mchapaji aliyethubutu kuliandika jina hilo juu ya jalada. Mtu hujisaidia chooni. Tukitaka maana njema ya kitenzi hicho hatuna budi kukitia kauli ya kutendana: kusaidiana. Hatudai kwamba sarufi ni falsafa, maana tasfida zipo katika kila lugha. Lakini yafaa wafasiri wajiulize kwa nini walilazimika kulitafuta neno “kujiendeleza”, na kwa nini wengine wamelichukua lile la “kujitegemea”. Hili la pili linatuuma zaidi. Lilipoandikwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967, aliyetakiwa kujitegemea alikuwa taifa: lisiyajenge maendeleo yake juu ya fedha za wageni. Katika mwaka huo huo likaingia katika sera ya elimu, na hapo mwenye kujitegemea alikuwa shule nzima, pamoja na shamba lake. Leo neno lile lile linatumiwa kumwambia kijana mmoja, asiye na shamba wala mtaji, kwamba asimtazamie mtu yeyote. Neno ni lile lile, lakini limegeuzwa ndani nje kama mfuko wa shati.

Ajabu ni kwamba hata huko zilikotoka fikra hizi, mwanzo wake haukuwa wa upweke. Kitabu kilichoipa jina aina hii ya maandishi kilitungwa na Mskochi, Samuel Smiles, kikatolewa London mwaka 1859. Katika mwaka wake wa kwanza kiliuza nakala 20,000, na kilipofasiriwa kwa Kijapani miaka ya 1870 na 1871 kilisomwa nchi nzima. Lakini wangapi kati ya wanaomfuata leo wanajua kilivyozaliwa? Smiles anasimulia mwenyewe katika dibaji yake. Vijana wachache wa tabaka la wafanyakazi katika mji wa Leeds, wapatao wawili watatu mwanzoni, walianza kukutana jioni za baridi wafundishane walichokijua. Mwenye kujua kusoma alimfundisha asiyejua. Mwenye hesabu alitoa hesabu. Walipoongezeka wakakodi chumba kichafu kilichowahi kutumiwa kuwalaza wagonjwa wa kipindupindu, chumba ambacho watu wengine walikiogopa. Walipofikia mia hivi wakamwita Smiles awahutubie, na hotuba hizo, zilizoanza mwaka 1845, ndizo zilizokuja kuwa kitabu. Toleo la baadaye lilipotoka, mwaka 1866, mwandishi mwenyewe alilalamika kwamba jina alilolichagua lilikuwa la bahati mbaya, kwa maana limewafanya watu wadhani anausifu ubinafsi. Basi hata baba wa fani hii aliona mapema mtoto wake anakokwenda.

Alikokwenda ni sokoni. Fani ilipovuka bahari na kustawi Marekani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, kile chumba cha Leeds kilisahauliwa. Mwaka 1936 Dale Carnegie, mwalimu wa ufasaha wa kusema mbele za watu, alitoa kitabu chake maarufu juu ya kupata marafiki na kuwavuta watu. Mwaka uliofuata Napoleon Hill akatoa kile cha kufikiri na kutajirika. Tuzingatie tarehe. Mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi kwa sababu mabenki yalianguka na viwanda vilifungwa, na katika saa hiyo hiyo akatokea mtu wa kuwaambia kwamba utajiri huanza kichwani. Hill alidai kwamba siri hiyo alipewa na tajiri wa chuma cha pua, Andrew Carnegie, aliyemtuma awahoji matajiri wa nchi nzima. Carnegie alikufa mwaka 1919, na wachunguzi wa maisha yake hawakuuona ushahidi wa mkutano huo mahali popote ila katika maneno ya Hill mwenyewe. Kitabu bado kinauzwa kando ya njia zetu, na mkutano huo unasimuliwa katika semina zetu kama jambo lililoshuhudiwa.

Juu ya Robert Kiyosaki, ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya baba tajiri na baba maskini huenda kinajulikana zaidi hapa kwetu kuliko kitabu chochote cha uchumi kilichotungwa na Mwafrika, tutasema neno moja tu. Katika kitabu hicho baba maskini ni mwalimu mwenye elimu, mtumishi wa serikali, na anawekwa pale ili tumhurumie. Taifa lililojengwa na walimu wa namna hiyo, waliokwenda vijijini kwa mshahara mdogo na kuwafundisha watu wazima kusoma chini ya miembe, linawapa watoto wake kitabu cha kuwadharau. Tena mwaka 2012, baada ya kushindwa katika kesi ya madai, kampuni mojawapo ya mwandishi huyo iliomba kufilisiwa. Kufilisika si dhambi. Lakini duka likifungwa, mteja ana haki ya kuuliza juu ya mizani.

Tunakuja sasa kwenye hoja ambayo mawakili wa vitabu hivi huiona kuwa ngome yao: kwamba haya si maneno matupu, ni elimu ya nafsi, ni saikolojia iliyopimwa. Elimu hiyo tunaiheshimu, na kwa sababu tunaiheshimu hatupendi itumiwe kama hirizi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetolewa katika majarida ya heshima ya fani hiyo. Karibu zote zilikuwa zimetangaza ushindi mara ya kwanza; ziliporudiwa, takriban thuluthi moja tu ndizo zilizotoa ushindi tena. Miaka mitano kabla ya hapo, Joseph Henrich na wenzake wawili walikumbusha kwamba watu 96 katika kila 100 wachunguzwao na fani hii walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kwa maneno mengine, liandikwapo katika kitabu neno “binadamu”, mara nyingi anayezungumzwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani.

Mfano ulio maarufu kupita yote ni ule wa mtoto na peremende. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, Walter Mischel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wakimweka mtoto mdogo mbele ya kitu kitamu na kumwambia: ukingoja mpaka nirudi, nitakupa viwili. Baadaye ikaonekana kwamba waliongoja zaidi walifanya vizuri zaidi shuleni walipokuwa vijana. Hayo ndiyo yasimuliwayo katika kumbi zetu: jizuie, vumilia, utafanikiwa, aliyeshindwa ni yule asiyejizuia. Yaliyofuata hayasimuliwi. Watoto wa Mischel walitoka katika shule ya watoto ya chuo hicho, yaani wengi wao walikuwa watoto wa wasomi. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali. Uhusiano ule ukaonekana kuwa nusu tu ya ulivyodaiwa, na hali ya nyumba na elimu ya mama ilipotiwa katika hesabu, ukabaki kidogo mno. Uko tena utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliochapishwa mwaka 2013, ulio mdogo kwa idadi lakini wenye funzo. Kabla ya kuletewa peremende, baadhi ya watoto waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na mtu asiyezileta. Wengine waliahidiwa zikaletwa. Waliotimiziwa ahadi waliingoja peremende ya pili kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika 3.

Sisi tuliokulia vijijini hatukuhitaji maabara kutuambia hayo. Mkulima aliyepeleka pamba yake chamani akapewa stakabadhi badala ya fedha, na stakabadhi ikakaa miaka, si mtu asiyejua kungoja. Anajua kungoja ni nini na kunagharimu kiasi gani. Mwanawe anapokula leo alichonacho leo, usimwandikie kitabu juu ya udhaifu wa nia yake. Mlipe baba yake.

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo. Watuvumilie tuwakumbushe kwamba vitabu vya elimu ya nafsi si wageni katika Afrika Mashariki, na mara ya kwanza vilipokuja vilikuja kutuhukumu. J. C. Carothers alikuwa daktari wa Kiingereza aliyekabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, mjini Nairobi, akiwa hajaisomea hasa fani hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Katika maandishi yake hakuona haya kumlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka 1954, damu ikimwagika Kenya, serikali ya kikoloni ilikitoa kijitabu chake kingine, juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo uasi ulielezwa kama maradhi ya nafsi za watu waliopoteza mila zao na hawajazipata za Kizungu. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Tazama alichokifanya Carothers. Watu walisema: tumenyang'anywa ardhi. Yeye akajibu: tatizo limo vichwani mwenu. Sasa mtazame mhamasishaji wa leo. Kijana anasema: sina kazi, sina mtaji, riba ya mkopo ni kubwa. Naye anajibu: tatizo limo kichwani mwako. Hatusemi kwamba watu hawa wawili wana nia moja; wa kwanza aliitumikia dola iliyokuwa ikinyonga watu, wa pili huenda anatafuta riziki yake tu. Lakini hatua ya mantiki ni ile ile: ardhi inaondolewa katika hesabu, kisha lawama zote anatwishwa mtu. Tofauti ni kwamba zamani kasumba hiyo tulishindiliwa, na leo tunainunua.

Tunaye mpwa wetu aliyemaliza stashahada ya uhasibu, akakaa miaka mitatu bila kazi. Alivisoma vitabu hivi kwa bidii kuliko alivyopata kusoma chochote chuoni. Aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alisimama mbele ya kioo akajitangazia kwamba yeye ni tajiri. Kitabu kimoja kilimwonya ajitenge na watu wenye mawazo hasi, naye akatii: akaacha kwenda kijiweni, akaacha kumtembelea mama yake aliyekuwa akimsikitikia, akamkwepa kaka yake mkubwa, mchuuzi wa samaki, kwa kuwa kaka huyo alipenda kusema kwamba biashara ni ngumu. Usiku mmoja alikuja kwetu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: “Mjomba, nimefanya yote. Nimekosea wapi?” Tulimwuliza kitabu kinasemaje. Akasema kinasema hakuamini vya kutosha.

Hapo ndipo penye ukatili wa mafundisho haya. Dawa isipoponya, mgonjwa ndiye mwenye hatia. Mganga wa kienyeji, tuliyezoea kumsema, angalau angetuma watu wakae pamoja, wataje ugomvi uliomo katika ukoo, wale chakula kimoja. Kitabu kilimtoa kijana kwa watu wake, kikamwacha na kioo. Na kaka mtu, tuje tugundue baadaye, alikuwa amepata hasara miezi kadhaa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwandikia hesabu.

Wasomaji wasidhani kwamba tunadai mababu zetu walikuwa na kila jibu. Mashauri juu ya mwenendo wa mtu yamo katika fasihi ya Kiswahili tangu kale. Mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Smiles, Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Mtungaji wa Al-Inkishafi aliusemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate, na huko ndiko kujichunguza kwa kweli, maana aliyajua magofu hayo na waliowahi kuyakalia. Shaaban Robert aliwaandikia wanawe tenzi za maadili. Katika maandishi hayo yote mwenye kuusia ana jina, anayeusiwa ana jina, na mauti yako karibu. Hakuna msomaji wa jumla asiye na mama. Hata hivyo, wosia wa Mwana Kupona unamtaka mke awe chini ya mume kwa kiasi ambacho hatungependa kumfundishia binti wa leo, na katika jando na unyago mlikuwa na hekima pamoja na fedheha na maumivu yasiyo na faida. Kuurudia utamaduni bila kuuchagua ni uvivu, kama vile kuuazima wa wengine.

Wala hatusahau makosa ya miaka yetu. Kuna mtu atakayetuambia kwamba maneno yetu juu ya jamii yaliishia katika watu kuhamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, katikati ya miaka ya 1970. Ni kweli, na aliyebomolewa nyumba yake kwa jina la umoja ana haki ya kulitilia shaka neno hilo. Lakini katika miaka hiyo hiyo kulifanyika jambo jingine ambalo wahamasishaji wangelisoma wangejifunza. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kilikuwapo kitabu, tena kitabu cha kubadili tabia za watu: namna ya kujikinga na malaria, minyoo, kichocho na kuhara. Lakini hakikusomwa chumbani. Kwa majuma 12 watu takriban milioni mbili walikutana katika vikundi, wakaisikiliza Redio Tanzania, aliyejua kusoma akawasomea wenzake, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kwenda kufyeka nyasi na kuchimba vyoo. Ndiyo, vyoo. Maana ile ya kitenzi chetu iliyowashinda wafasiri ilipata siku hiyo heshima yake: watu walisaidiana ili kila mtu ajisaidie kwa usalama.

Tukilinganisha, vijana wa Leeds katika chumba chao cha kipindupindu na wanakijiji wa mwaka 1973 ni ndugu. Waliosimama mbali ni wale wauza siri.

Tutaulizwa: je, hakuna jema katika vitabu hivi? Lipo. Kuweka akiba, kuamka mapema, kumsikiliza mtu mpaka amalize kusema, kuandika matumizi katika daftari, yote ni mema. Wala njaa ya mioyo inayowasukuma vijana si ya kuigiza. Mtu wetu akiwa na huzuni nzito tunasema “ana mawazo”, kisha tunanyamaza, kana kwamba neno hilo limemaliza kazi. Wenzetu wa Zimbabwe hawakunyamaza. Tangu mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda na wenzake, mjini Harare, wamewafundisha mabibi wa mitaani kukaa katika benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye shida. Walianzia katika neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni jirani wa karibu wa “mawazo” yetu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 573: waliokaa katika benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hiyo ni elimu ya nafsi, imepimwa, na ni ya Kiafrika. Katika vitabu vilivyotandazwa njiani hatukupata kukiona kimoja kinachoitaja.

Basi tunawataka wachapaji wetu waache kwa muda kufasiri, na walimu wa saikolojia wa vyuo vyetu washuke kutoka katika Kiingereza chao. Hatuombi mfululizo wa vitabu 20 wala kamati. Tunaomba kitabu kimoja cha Kiswahili safi, kisichozidi kurasa 100, juu ya huzuni ya mtu aliyekosa kazi: inavyoanza, inavyoharibu usingizi, inavyomtenga na watu wake, wakati gani apelekwe kwa daktari. Kieleze pia wazi ni lipi aliwezalo yeye, ni lipi alitakiwalo nduguye, na ni lipi lisilowezekana ila kwa sheria na fedha ya serikali. Kiandikwe kwa namna ya kusomwa na watu watano waliokaa pamoja, wenye maswali mwishoni mwa kila sura, na kiuzwe kwa bei isiyozidi ile ya chakula cha mchana. Mpwa wetu, ambaye sasa anaandika hesabu za kaka yake sokoni na bado huamka saa kumi na moja, amekubali kuusoma mswada wa kwanza na kutuambia penye uongo.